Kilio Kilichopunguzwa Kasi

Dada yangu mpendwa, Mwanambee,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Najua umeninunia, na haki unayo. Wewe na shemeji hamjambo? Mgongo wako umepoa? Sisi tunapumua, ila nimechoka: mtoto mgongoni, hedifoni kichwani, sufuria jikoni.

Kazi ya muziki imeshika. Ile midundo niliyokuwa nikiitengeneza kwa kompyuta nyuma ya saluni sasa inapigwa kwenye kumbi kubwa, watu wanaruka mpaka kuta zinatoa jasho. Unajua ala siziwezi. Mimi nanasa sauti za nyumbani, mlango, ufagio, mfuniko, nazivuta na kuzikata mpaka zichezeke.

Sasa mwezi uliopita nilinasa kilio cha mwanao huyu niliyemzaa. Nikakipunguza kasi, maana kilio cha mtoto ukikivuta huwa kizito kama sauti ya mtu mzima. Dada, ilikuwa sauti ya marehemu mama. Si kufanana. Ni yeye, kama amesimama mlango wa nyuma, anakuita, Mwanambeee. Halafu kimya, kama mtu anayesubiri kuitikiwa.

Nikadhani ni uchovu. Nikakiweka kwenye mdundo. Ulipopigwa ukumbini na kufika pale, ukumbi mzima uliacha kucheza, watu wakageuka kutazama mlangoni. Meneja wangu akasema hiyo ndiyo itakayotutoa. Nilipomweleza ni sauti ya nani alinicheka, akauliza kama mizimu nayo itakata tiketi.

Lakini tangu siku ile mtoto halii. Akiwa na njaa anafumbua kinywa, machozi yanatiririka, sauti haitoki, macho mlangoni. Daktari amempima koo, kasema ni zima. Nimeufuta wimbo, meneja kanuna, na bado sauti ya mtoto haijarudi.

Kuna jambo shangazi alitukataza kukuambia msibani, usije ukajilaumu. Mama hakufa usingizini kama ulivyoambiwa. Alikuita wewe mpaka mwisho, akitega sikio kila baada ya kuita. Gari lilikuharibikia njiani, hakuna anayekulaumu. Ila kuitika utaitika, dada. Kwa hili sikubembelezi.

Shemeji na watoto wote wasalimie sana.

Ni mimi mdogo wako, Kitindamimba.

Ukipata mtu wa kuja huku, mpe:
nepi za kitambaa, zile nzito;
sweta la mtoto wa miezi saba;
mafuta ya kumchulia kifua;
na sauti yako kwenye flashi, ukisema “Abee mama, nakuja,” taratibu, usilie.