Mtaro Ulioishia Mlangoni Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Hamna aibu! Wanaume wazima, ndevu zimewajaa, mnachimba mtaro mmoja kama watu wa nchi mbili! Nimewaambia usoni leo mchana, na hapa naandika tena ili hasira ishuke. Haijashuka.

Iko hivi. Mtaro wa mtaa wetu umeziba tangu kampeni zianze. Miaka yote tulikuwa tunauzibua pamoja, siku moja, kutoka juu mpaka chini, wanawake wanapika uji, watoto wanabeba taka. Safari hii? Juu ni watu wa chama cha Kengele. Chini ni watu wa Kofia. Uchaguzi umekwisha lakini fulana hawavui! Basi Jumamosi Kengele wakachimba kutoka juu. Jumapili Kofia wakachimba kutoka chini. Kila kundi na muziki wake, kelele mpaka meno yananiuma.

Wakakutana wapi? Hawakukutana! Wa juu wameishia kushoto kwa mlango wangu. Wa chini wameishia kulia. Katikati wameacha kipande cha udongo, upana wa kitanda, kiko pale kizingitini kwangu kimetulia kama kimelipa kodi. Na wa juu wamechimba kina cha kiuno, wa chini kina cha goti. Maji yakiteremka yatagonga pale, yatageuka, yataingia wapi? Kwangu!

Na nani viongozi wa ujinga huu? Wanangu mwenyewe. Mkubwa, anachomelea mageti, ndiye anayewapanga Kengele. Mdogo, fundi cherehani, ndiye mdomo wa Kofia. Tumbo moja! Hili hapa!

Nimemuuliza Mkubwa. Eti, "Mama, sisi upande wetu tumemaliza." Nimemuuliza Mdogo. Eti, "Hicho kipande hatukati, Mama. Usiniulize." Nikamuuliza kama maji nayo yana kadi ya chama. Akacheka.

Sikuwa natania!

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimevaa viatu, si ndala, ajue nimekuja kikazi.

Amenipa kiti cha plastiki chenye mguu uliopasuka. Akaniita bibi yangu, bibi yangu. Kisha akaanza. Eti suala la mtaro lina sura ya kisiasa. Nikamwambia lina sura ya mtaro. Eti Kofia hawaji kwenye vikao vyake. Nikamuuliza umewaita? Amewatumia ujumbe wa simu. Ujumbe! Mlango wa Mdogo unaonekana kutoka pale alipokaa. Nikamuuliza kama miguu yake imekatika.

Akasema, "Bibi, nikienda kule watanizomea."

Basi zomewa! Si ndiyo kazi uliyoomba? Ulipokuwa unataka kura ulikuja mpaka jikoni kwangu, ukafunua sufuria, ukasifu mchuzi ambao haujaiva.

Nimerudi nimekuta mjukuu wangu, binti wa Mkubwa, amekaa mlangoni peke yake na mpira. Nikamwambia nenda ukacheze na mwenzako kwa baba mdogo. Akaniambia, "Bibi, wale ni Kofia." Mtoto wa miaka sita! Kamba za viatu hawezi kufunga, chama anakijua. Nikamwambia yule ni ndugu yako, chama chake ni kamasi kama wewe. Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua imenyesha alasiri. Ndogo tu, ya kulowesha nguo kwenye kamba. Imetosha.

Maji yameteremka na makopo, maganda, kandambili moja ya mtu. Yakafika kwenye kile kipande, yakasimama, yakafikiri, yakaingia kwangu bila hodi. Yamefika mpaka chini ya kitanda. Godoro limenyonya pembe moja, linanuka kama mbuzi.

Nimefagia maji na mke wa Mkubwa. Katikati ya kufagia nani anaingia na dekio? Mke wa Mdogo. Hawa wawili wanasalimiana vizuri tu! "Shemeji, shika huku." "Shemeji, inua hapo." Nikawauliza, kumbe mnaongea? Wakatazamana. Mke wa Mdogo akasema wanaongea bombani, lakini waume zao wasijue.

Wasijue! Mambo ya kuficha mbona mengi tu, nyinyi mnaficha salamu!

Nimekasirika! Nimewapa ujumbe wakawape waume zao: Jumapili saa kumi, Mama anataka kuzungumza habari za urithi wa nyumba hii.

Sina la kuzungumza. Nyumba ni yangu na bado nipo ndani yake.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja mbio! Chai haijachemka wamekwisha fika, mmoja na shati la kuazima, mwingine na nywele mbichi. Naumwa, hawaji. Nalowa, hawaji. Urithi — hao!

Nikafunga mlango, nikakalia kigoda mbele yake. Nikawaambia hakuna urithi. Kuna kesi. Na mtaisema kwa utaratibu wa zamani.

Wanaujua. Tangu wakiwa wadogo wakigombana, kwangu mtu hasemi ya kwake. Unasema ya mwenzako kwanza, kwa mdomo wako, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndiyo, hivyo hivyo. Akisema siyo, unarudia. Hakuna kula mpaka hapo. Baba yao alikuwa anasema nina roho mbaya. Labda. Lakini hawakuvunjana meno.

Mkubwa akaanza kwa kejeli. "Huyu anasema yeye ni mnyonge, dunia nzima inamwonea." Mdogo akasema siyo. Mkubwa akageukia kwangu, eti Mama, mimi mtu mzima. Nikamwambia mtu mzima, rudia.

"Anasema soko la zamani lilibomolewa, kibanda chake kikaondoka."

"Na?"

"Anasema diwani wetu wa Kengele ndiye aliyebomoa."

"Na?"

Mkubwa akaanza kuchezea kifuniko cha chupa ya chai. Nikamwona anavyotafuta pa kutokea, na pa kutokea nimepakalia.

"Anasema siku ile nilikuwa pale pale. Niko juu ya ngazi, nachomelea geti la soko jipya. Nimevaa ngao ya uso. Anasema nilimwona akiitoa cherehani peke yake, ile ya miguu, anaiburuta kwenye vifusi. Na mimi sikushuka."

Mdogo akasema, "Hivyo hivyo."

Mimi nilikuwa sijui! Miezi yote hii nadhani ni nyimbo na fulana. Kumbe ni cherehani. Nilitaka kumzaba Mkubwa kofi. Nilitaka sana. Lakini utaratibu ni utaratibu. Nikamwambia Mdogo, zamu yako, sema ya kaka yako.

Akaanza. "Anasema nilimwita mbwa wa Kengele, mbele ya watoto wake." Mkubwa akasema ndiyo, endelea. "Anasema msimamizi aliwaambia atakayeacha kazi asirudi." Ndiyo. "Anasema—"

Akakwama. Mdomo wa Kofia! Anayehutubia watu mia bila karatasi! Akasema, "Anasema aliona haya kunitazama ndiyo maana hakuvua ile ngao," kisha akasimama, akaniomba njia kwa heshima, akatoka. Hata Mkubwa hakuwahi kusema ndiyo au siyo. Alibaki anatazama mlango. Chai yake ameiacha mpaka ikafanya utando.

Jumanne, 11 Machi

Habari imetoka. Nani ameitoa sijui, kuta zetu nyembamba. Bombani wananiita Jaji. "Jaji, mahakama inafunguliwa saa ngapi?" Muuza mkaa amesema nimvalie joho. Nikamwambia wewe uliyeacha kumsalimia kinyozi wako kwa sababu ya fulana, nywele zimekuwa kama kiota, wewe ndiye wa kucheka? Wenzake wakamcheka yeye.

Jioni mwenyekiti amekuja. Kumbe miguu anayo! Eti amesikia naitisha vikao bila kibali. Nikamwambia vizuri kwamba umefika, nawe una kesi. Jumamosi asubuhi, kwenye mtaro, juu na chini wote. Wewe utasema ya Kofia, mpaka Kofia wakubali. Akatoa macho. Eti itifaki. Nikamwambia itifaki imelala kwenye godoro langu, nenda kainuse.

Amesema atafikiria.

Kinyozi amesema atakuja. Muuza mkaa naye, lakini asimame mbali na kinyozi.

Alhamisi, 13 Machi

Mawingu tu. Magoti yanauma. Mdogo amepita mlangoni, amesalimu, hakuingia. Mkubwa ametuma unga, hakuja. Nimechoka kuzaa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nimekaa juu ya meza, miguu imening'inia, kalamu inateleza. Nitasema haraka.

Wamekuja! Sikutegemea. Juu wamesimama juu, chini wamesimama chini, kama mechi. Katikati kipande changu cha udongo na mimi na kigoda.

Mwenyekiti amekuja na shati jeupe. Nikamwambia sema. Akaanza, "Wenzetu wanadai..." Kinyozi, ambaye ni Kofia, akapaza, "Siyo! Hatudai, tunasema!" Akarudia. "Wenzetu wanasema hawaitwi vikaoni." Siyo! "Wanasema wanaitwa... kwa simu tu." Na? "Na kikao kinafanyika sebuleni kwangu, ambako kuna bendera ya Kengele." Mtu wa chini akasema hapo sasa umesema. Watu wakacheka — pande zote mbili! Mwenyekiti naye akafuta jasho, akacheka kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Muuza mkaa akasema ya kinyozi. Sitaandika, ni upuuzi mtupu, lakini mwisho kinyozi alimshika kichwa akasema njoo kesho, hii ni aibu ya taaluma.

Usidhani wamependana. Muuza mkaa bado ni Kengele, na kinyozi amemwambia Kengele ni wezi, na yeye akajibu Kofia ni wavivu. Lakini walikuwa wanaambiana kwa majina yao! Sijasikia jina likiitwa kutoka juu kwenda chini tangu mwaka jana.

Ndipo tukafika kwenye kile kipande. Nikauliza, nani anakata? Hakuna. Nikamwita Mkubwa. Sema ya mdogo wako: kwa nini hakati?

"Anasema ni kiburi."

Siyo.

"Anasema chama kimemkataza."

Siyo! Mdogo akatema mate pembeni. Nikamwambia temea kwenu.

Mkubwa akaitazama ile sehemu ya chini, macho yanashuka pole pole, kama anapopima geti kabla ya kulikata. Kiuno huku, goti kule. Kisha akautazama mlango wa mwisho kabisa, wa chini kuliko yote. Wa Mdogo.

Akasema, "Anasema tukikata, maji yote ya juu yatakwenda kwake."

"Na?"

"Na cherehani iko sakafuni."

"Ndiyo," Mdogo akasema. "Ndiyo hiyo."

Nikapandwa na hasira! Nikamuuliza, kwa nini hukusema siku zote hizi? Mama yako analowa! Akanijibu, "Nimwambie nani, Mama? Huyu? Angecheka." Kumbe walipiga mwamba kule chini, watu wachache, sururu moja, wakashindwa kuzamisha. Na kuomba watu wa juu waje kusaidia — thubutu! Bora bibi alowe.

Na wewe Mkubwa! Una sururu tatu karakana, una vijana, hukuuliza hata siku moja kwa nini wenzako wameishia gotini. Ulishukuru tu kwamba wameshindwa.

Hayo nimeyasema kwa sauti. Mtaa mzima umesikia. Vizuri.

Basi mvua ikaanza pale pale. Si ile ya Ijumaa. Hii ina matone kama kokoto. Watu wakakimbilia kwenye mabati. Mimi nikaingia kuokoa godoro, sasa liko juu ya kabati, na mimi niko juu ya meza, maji yanapita chini yangu na kandambili ile ile.

Na wanangu? Nawaona kutoka hapa. Wamesimama huku na huku kwenye kile kipande, wamelowa chapachapa. Mkubwa ana koleo. Anamtazama Mama, anamtazama mdogo wake. Kwangu maji yanaingia. Akikata, yanaingia kwa Mdogo. Mdogo anamwambia kitu, sisikii. Mkubwa anainua koleo. Anashusha. Wa juu wanapiga kelele, "Kata! Bibi anazama!" Sizami! Nani amewaambia nazama?

Hawajui la kufanya. Vichwa viwili vikubwa hivyo nimevilisha mwenyewe! Inabidi nishuke humu majini nikawaambie, na nitawaambia hivi:

Mkubwa, tupa hilo koleo. Shuka mpaka kwa mdogo wako, safari hii shuka. Shika miguu ya ile cherehani, yeye ashike kichwa, muipandishe mpaka kwako, ikae sebuleni, chini ya bendera yenu ya Kengele. Halafu chukueni sururu zote tatu, juu na chini pamoja, mkapasue ule mwamba. Kipande changu kitakatwa mwisho. Mimi nina meza. Haya, cherehani kwanza!