Upepo au Mkondo

Jumatatu, 9 Machi
Boti ya mdogo wangu haijafika. Asubuhi nilikuwa zamu kwenye redio ya bandari, nikamsikia mwenyewe: injini imezima katikati ya ziwa, mawimbi yanaingia, yuko na fundi wake na shehena ya mbao. Akanitajia mahali alipo. Kisha kimya.
Boti ya uokoaji ikaenda pale pale alipotaja. Maji matupu! Sasa walitarajia nini? Boti isiyo na injini haikai pale ikikusubiri.

Jumanne, 10 Machi
Tumeinamia ramani, mimi na nahodha wa uokoaji. Si mtu wa maneno, ila leo kaongea. Boti iliyojaa hukaa chini zaidi majini, mkondo ndio unaoibeba: kusini. Boti tupu huelea juu, upepo unaipiga ubavuni: magharibi, kwenye matete. Mafuta ya kwenda kote kuwili kwa siku moja hatuna. Kwa hiyo swali ni moja — ameutosa mzigo au hajautosa?
Nikampigia wifi. Alikuwa analia, akacheka katikati ya kilio. Eti mumewe atose mbao za watu? Yeye ambaye hata kamba ya gunia haitupi, anafungua fundo kwa meno na kuificha uvunguni! Kweli. Ana mkono wa birika tangu utotoni. Nyumbani tunamwita Bwana Kamba mpaka leo.
Nikamwambia nahodha: kusini. Mimi ndiye niliyesema.

Jumatano, 11 Machi
Kusini kutwa nzima. Hakuna. Macho yanawasha kwa jua. Mama kanipokea mlangoni na maji ya kunawa.
Mkuu wangu wa kazi anasema nipumzike, si vizuri ndugu kumtafuta ndugu. Nipumzike! Nitapumzika huyo bahili akishakuja kunywa chai yangu bila kuleta sukari. Kesho napanda tena, wapende wasipende.

Alhamisi, 12 Machi
Naandika humu botini, mwandiko unaruka.
Tumekuta mbao, huku huku kusini. Nyingi, zimetapakaa, nusu ziko chini ya maji, zinafuata mkondo polepole. Zina rangi nyekundu ncha moja, alama ya mwenye mzigo. Ni zenyewe.
Mabaharia wakavua kofia. Mmoja kanishika bega, kanipa pole. Nahodha akatazama pembeni. Nikakaa pale pale chini. Niliogopa sana.
Halafu nikaziangalia tena. Moja moja! Bandarini zilifungwa mafungu mafungu, huwa naziona zikipakiwa. Boti ikizama, fungu huibuka likiwa fungu. Kamba ikikatika, angalau kipande kitabaki mahali. Tumezunguka, tumevuta mbao kwa ndoano, tumechungulia huku na huku. Kamba hakuna. Hata uzi!
Basi kuna mtu kazifungua kwa mkono, fundo kwa fundo, mawimbi yanampiga, akazitosa mbao za watu — na kamba akabaki nazo.
Duniani namjua mmoja tu wa hivyo.
Nikamwambia nahodha: boti yake sasa ni tupu, hatuna tena habari na mkondo, tufuate upepo. Magharibi, kwenye matete. Akawaza. Akatazama geji ya mafuta. Akasema kwenda tutafika, kurudi hajui tutarudije.
Nikamjibu tutavutwa. Kamba tutazikuta huko.
Hakucheka. Ila ameshika usukani, na boti inageuka. Jua lilikuwa begani mwangu, sasa liko usoni. Nimeomba darubini, nimepewa. Naacha kuandika, mikono yote miwili naihitaji