Kitufe cha Simjui

Kampala, 3 Machi 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana. U hali gani na upweke wa nyumba? Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila asubuhi bado nashika simu nimpigie Mama, ndipo nakumbuka.

Pamoja na barua hii Maate wa basi atakupa simu. Ni yangu ya zamani, ina ufa pembeni lakini inasomeka. Nimekufungulia ukurasa kwenye Wanakazi, ule mtandao ambapo watu wa kazi hutafutana. Kazi yangu ya sasa ni kukusanya maoni ya watumiaji kuhusu vitu vipya vilivyowekwa humo. Bosi wetu, Nabasa, anataka maoni ya watu wa mbali, si wa Kampala tu. Nikikusanya vizuri, mkataba wangu wa miezi mitatu utakuwa wa kudumu.

Kuna kengele inayokuambia nani ametazama ukurasa wako. Kuna "Nashuhudia", ambapo unamwandikia mtu ushahidi wa kazi na tabia yake, na kila mtu anausoma. Halafu kuna "Simjui", ya matapeli: mtu akidai mnafahamiana, unabonyeza, na hawezi kukufikia tena. Jaribu, uniambie unaonaje. Ukitaka kushuhudia, nishuhudie mimi. Andika tu unavyonijua.

Nisalimie kuku wa Mama.

Mwanao,
Patience

Bwera, 14 Machi 2025

Mwanangu Patience,

Habari za huko na za kazi? Mimi sijambo, mguu unauma mvua ikikaribia. Kuku wamebaki saba. Kikombe cha bati cha Mama yako bado kiko dirishani, sijakitia chai.

Maoni yangu ni haya. Kengele sikuipenda. Kila ikilia nadhani kuna mgeni mlangoni, nainuka na mguu wangu, hakuna mtu. Simjui sijaigusa, sina tapeli. Lakini Nashuhudia ni nzuri sana. Ni kama barua ya mwenyekiti wa LC, baraza letu la kijiji: mtu akienda asikojulikana, barua inamtangulia kusema ametoka wapi, ni wa nani, ana tabia gani. Basi nilikaa siku mbili nikaandika kama mwenyekiti, bila kuficha, maana nilipokuwa polisi pale mpakani Mpondwe niliwarudisha wengi wenye barua za uongo. Nakunakilia:

"Mimi Asanasio Byaruhanga, konstebo mstaafu, namfahamu Patience tangu akiwa na miaka miwili. Sisi hatukumzaa. Marehemu mke wangu Biira alimvusha kutoka Congo akiwa mgongoni, amevaa kiatu kimoja. Hajawahi kuiba. Anasoma kwa sauti vizuri. Hana kesi yoyote."

Nimeweka nyota tano. Nimefurahi kwamba jina la Biira litasomwa huko Kampala.

Baba yako,
Asanasio

Kampala, 20 Machi 2025

Baba,

Hali yako sikuulizi.

Jumatatu Nabasa alikuwa na wageni wa ofisi kuu. Akasema awasomee maoni ya kijijini wacheke kidogo, akasoma ushahidi wako. Walicheka kwa "konstebo mstaafu". Mimi pia nilicheka, Baba. Kisha akafika "sisi hatukumzaa", akanitazama.

Sikujua. Nina miaka ishirini na sita, na mimi ni nani nimesomewa na bosi mbele ya sahani ya sambusa.

Unadhani Mama aliniambia? Siku ya mwisho aliniambia nisisahau kuwafungia kuku.

Upolisi haujakutoka. Umeniandikia maelezo ya mtuhumiwa: alitokea wapi, alikuwa amevaa nini. Kitambulisho changu kinasema nimezaliwa Bwera na Biira. Sasa wanataka nieleze nilikipataje, na mkataba umesimama.

Futa. Usinieleze kitu, futa tu.

Patience

Bwera, 29 Machi 2025

Mwanangu,

Najua hutaki salamu, lakini siwezi kuanza barua bila kukusalimu. U mzima?

Biira aliniambia pale wodini, "Nimemwambia Patience yote, mzee. Alilia kidogo tu." Nikaamini. Miaka thelathini nilisikiliza uongo wa watu getini, na ule sikuusikia.

Umesema nisieleze. Hili moja nivumilie. Mama aliyekuzaa aliitwa Kaswera, mfanyabiashara wa Beni, rafiki wa Biira. Aliuawa njiani akirudi kutoka sokoni. Biira alienda kuzika, akarudi na wewe mgongoni, siku ambayo mimi nilikuwa zamu getini. Mkubwa wangu Mugume akaniuliza, "Byaruhanga, huyu mutoto unamujua?" Nikasema ni wangu. Alijua Biira hajawahi kuwa na mimba. Akauliza tena, "Una hakika?" Nikamwambia, "Ni wangu, afande." Akainua kizuizi.

Nimeenda Kasese kwa Abubaker mwenye duka la kompyuta, tumefuta yote. Kisha, ili kukutengenezea, nikaandika ushahidi mwingine: kwamba ule wa kwanza ulikuwa makosa ya uzee, na kwamba nilikuona ukizaliwa. Abubaker alinisihi niache. Nikamwambia mambo ya barua nayajua kuliko yeye.

Baba yako,
Asanasio

Kampala, 11 Aprili 2025

Mzee Byaruhanga,

Ule wa kwanza walikuwa wameshaunakili. Sasa wana maneno mawili ya mtu mmoja yanayopingana, na wamesema ni njama yetu sisi wawili. Kazi imekwisha. Nabasa alinitaka niseme kwa maandishi wewe ni nani kwangu.

Nimemjibu kwa kitufe.

Namba yako nimeifunga. Maate nimemwambia asinibebee kitu chochote kutoka kwako.

Patience

Bwera, 2 Mei 2025

Mwanangu Patience,

Salamu nyingi. Natumaini unakula. Mimi sijambo. Kuku wamebaki watano. Maate amekataa kuibeba hii, kwa hiyo nimepanda boda hadi Kikorongo kumpa dereva wa lori asiyetufahamu.

Kile kiatu kimoja kipo. Biira alikihifadhi kwenye kopo la majani ya chai. Nilitaka kukituma, nikaogopa utakitupa.

Siku ile kengele ya simu ililia, nikainuka kwenda mlangoni. Niliporudi nikasoma: "Patience amesema hakujui." Chini yake wakaniuliza, kitufe hiki kipya unakionaje? Ulikuwa umenituma kutoa maoni juu ya vitu vitatu, na hiki cha tatu ulikuwa bado unanidai.

Basi nimewajibu. Nimewaandikia kwamba kinafanya kazi vizuri, ni chepesi kuliko geti la Mpondwe. Nimewaonyesha kasoro moja tu, waitengeneze wakipata nafasi: afande wa geti aliuliza mara mbili.

Baba yako,
Asanasio