Profesa Haposwi

Minago, Jumanne tarehe 12 Septemba 1972. Asubuhi mawingu mazito, ziwa limetulia, mvua bado.

Mpendwa yaya, kaka yangu mkubwa,

Jibu la profesa wako wa Ubelgiji limefika. Amekubali kukusimamia udaktari wa hesabu. Nafasi iko, na mashine ya kuhesabu iko, ile uliyoiita ordinateri. Mwishoni anakukaripia: hii ni barua yake ya pili tangu umwandikie (ya kwanza haikutufikia), na kijana asiyejibu barua hafai kuwa mtafiti. Nilisoma hayo nimesimama mbele ya posta ya Rumonge. Wewe, asiyejibu!

Unakumbuka mwaka wa uhuru? Watu walikuwa wanacheza ngoma barabarani, wewe umechuchumaa nyuma ya kinu cha mawese, umepanga mbegu chini. "Hii Minago, hii Rumonge, hii Kabonga. Baiskeli iko moja. Mutu wa mafuta apite wapi asirudie njia?" Nikakujibu, "Amuulize bibi yake." Ulicheka mpaka ukavuruga vijiji vyote. Miaka baadaye ulirudi kutoka chuo kikuu unakimbia kama mtoto: swali lile lile, wasomi wa Ulaya walikuwa wanalitia kwenye mashine zao za kuhesabu, na bado linawashinda.

Ukataka kumwandikia profesa. Baba akakataa.

"Mutu hajiposei mwenyewe. Hata bibi unamutumia mshenga, sembuse profesa?"

"Na mahari yake ni ng'ombe wangapi?" mama akauliza, tukacheka wote. Padri alipokwenda likizo kwao Ubelgiji, akabeba maombi yako na galoni ya mawese mapya.

Profesa alishukuru kwa mafuta. Kisha akauliza: kijana mwenyewe yuko wapi? Aandike mwenyewe, aseme anataka kutafuta nini. Maneno ya wazi kabisa. Lakini baba akatabasamu. "Wakwe wote wanakataa kwanza. Tukikimbilia, wataona tuko na njaa. Tungoje." Na wewe, mwenye lisansi ya hesabu kutoka chuo kikuu, mwalimu wa watoto wa watu, ukainamisha kichwa. "Ndiyo, papa." Kiangazi kikapita, mvua zikapita, kiangazi kikarudi. Ulipoandika kwa mkono wako, Noeli ilikuwa imeshapita. Kama ungeandika siku ile ya kwanza, mwezi wa tano mwaka huu ungekukuta Ubelgiji.

Ulikukuta hapa. Vita vilikuwa vimepita pwani hii, na baada ya vita watu wa serikali wakaanza kuwaita waliosoma. Mjumbe alisimama mlangoni kwa adabu zote. "Mwalimu, unaitwa ofisini komini. Ni maneno kidogo tu." Nilikuvuta pembeni, nikakuambia mitumbwi iko, uvuke ziwa. Wewe ukaniomba pasi ya makaa. "Mutu akiitwa anaenda. Nikikimbia watasema niko na kosa." Ukanyoosha shati lako jeupe, kola kwanza, kama mtu anayekwenda kuposa.

Hukurudi. Walimu wenzako hawakurudi.

Waliokuita siwaandiki hapa, sina neno linalowatosha. Nina hasira na majirani wanaoshusha sauti nikipita. Nina hasira na profesa na karipio lake. Nina hasira na baba, na kwa sababu siku hizi anakaa tu kando ya kinu kutwa, siwezi hata kumpigia kelele, na hilo linanichoma zaidi. Na wewe, yaya, nina hasira na wewe kwa adabu yako. Ulingoja mshenga pale pa kwenda, ukaenda mwenyewe pale pa kukimbia.

Jioni baba alisikia habari ya barua. "Umupelekee padri. Yeye atamueleza profesa vizuri."

"Hapana, papa. Safari hii hakuna mshenga."

Nilidhani atanifokea. Akasogeza taa karibu yangu. "Basi andika jina lake yote." Tangu mwezi wa tano hakuna aliyelitamka humu ndani.

Nimeliandika lote. Nimemwambia profesa kwamba hukuwa mvivu wa kujibu. Uliitwa, ukaenda, na kosa hukuwa nalo. Chini nimechora vijiji vyetu na baiskeli moja, nikamwambia: swali ni hili, usimpe mtu mwingine nafasi yake kabla hujalijibu. Kesho barua naipeleka posta kwa miguu yangu.

Popote walipokulaza, yaya, shati lako lisikunjamane.

Mimi mdogo wako wa kike.

Saa tano na robo usiku. Nazima taa, nalala.