Ndama wa Bihogo Ni wa Nani?

Alhamisi, mwezi wa kumi na moja, 1993. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa inadondoka kidogo kidogo kwenye migomba. Kichwa changu hakiko sawa. Siumwi. Ni mawazo, yanakwenda huku, yanarudi kule.

Adela, mkamwana wangu, ameketi na kalamu. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa kuni, kwa hiyo mimi nasema na yeye anaandika. Andika hivyo hivyo nilivyosema, Adela, usinirekebishe kama mwalimu.

Nina ndama amefungwa hapo nyuma ya jiko na sijui ni wa nani.

Nianze wapi? Nianze na Mfuko. Hapa kwetu Mabira tuna Mfuko wa jamii. Haukuletwa na mzungu, tuliuanzisha wenyewe, ugonjwa huu wa ukimwi ulipozidi na kila wiki tukawa tunazika. Mwenye kahawa anatoa kahawa, mwenye maharage anatoa maharage, wenye maduka wanatoa sukari na vitambaa, na watoto wetu walioko Mwanza na Bukoba wakija Krismasi wanatoa chochote. Vinawekwa pamoja. Halafu kuna vile vikundi vinavyofanya kazi, kikundi cha kubeba wagonjwa kwenye machela, kikundi cha akina mama wanaolea yatima, na vingine vya kata nyingine. Vinakuja kwa kamati vinaeleza shida, kamati inakaa, inagawa. Mtu mmoja mmoja hapewi. Kinapewa kikundi.

Hiyo naielewa. Msifikiri mimi ni mjinga.

Mwanangu Projesti, baba yake mjukuu wangu Deusi, mume wa huyu anayeandika, alibebwa na machela ya kile kikundi mpaka hospitali, na walimrudisha na machela ile ile. Mbao na turubai vilitoka kwenye Mfuko. Wale vijana hawakuomba hata maji ya kunywa. Adela, ukitaka kupumzika pumzika. Hapana? Haya.

Basi arobaini yake ilipokwisha nikamtoa Bihogo. Bihogo ni ng'ombe wangu yule mwekundu wa rangi iliyoiva, pembe ndefu hivi, mpole, ungemkamua mtoto kalala mgongoni. Nilikuwa na ng'ombe wengine wawili, dume na kizee kimoja kilichoacha kuzaa, lakini nikasema nikitoa nitoe kitu chenye maziwa. Alikuwa na mimba. Nikamfikisha kwa kamba yangu mwenyewe mbele ya kamati, watu wakapiga vigelegele. Mwenyekiti, Abdala mwenye duka, akasimama akasema maneno mengi kwa Kiswahili chake cha Tanga, maana babu yake alitoka huko. Akasema Bihogo ataenda kwa kikundi cha kulea yatima huko Bugomora, na ndama jike wa kwanza, akishaacha kunyonya, ataenda kwa kikundi kingine, Nyakakika, nao wakishapata ndama wao wakipe kikundi kingine.

Nikapiga makofi. Kila mtu alipiga makofi. Niliona ni maneno ya mkutano.

Kwa sababu kwetu ng'ombe hatolewi hivyo. Kwetu mtu akikupa ng'ombe mmeshakuwa kitu kimoja. Unampigia magoti. Jina lake unalijua mpaka wajukuu wanalijua. Ng'ombe akizaa, siku moja unarudisha ndama kwa aliyekupa, unakwenda naye na lubisi, pombe yetu ya ndizi, na ngoma, na siku hiyo ni sherehe. Mume wangu alipewa ng'ombe wa namna hiyo na mzee mmoja wa Kinyarwanda wakati sisi bado hatuna kitu, kabla ya vita ile ya Uganda, na mimi mwenyewe nilitembea na yule ndama wa kurudisha, nimejipaka siagi nang'aa. Kwa hiyo Abdala aliposema Nyakakika, sikio langu moja lilisikia Nyakakika, na jingine likasema, lakini huyo ndama si atarudi kwangu?

Nikalifuata hilo sikio la pili.

Nikafanya kosa zaidi. Wazee wa yule binti anayeolewa na Deusi walipokuja kuzungumza mahari, na wao ni watu wa ng'ombe, asili yao Rwanda, dume hawalitaki na kizee hawakitaki, mimi nikasimama mbele ya watu wote nikasema, ng'ombe wenu yuko, ni ndama wa Bihogo, ameshazaliwa Bugomora, ni jike, rangi ya mama yake. Wakafurahi. Baba wa binti akasema, "Bibi, neno lako linatosha." Jumapili hii wanakuja kumwona.

Jana basi nikamwambia Deusi, twende tukamchukue. Tukapanda lori la ndizi likienda tupu Bugomora asubuhi.

Anayemtunza Bihogo ni mama mmoja anaitwa Spesioza, Mrundi kwa asili, mjane, yuko kwenye kile kikundi. Watoto wake na watoto wa watu wamejaa ile nyumba, huwezi kujua nani wa nani. Nikabisha hodi, nikasema, mimi ni Paskazia wa Mabira, niliyemtoa Bihogo.

Yule mama akaacha jembe pale pale.

"Mwenye ng'ombe!" akaita. "Watoto, njooni! Mwenye ng'ombe amekuja!"

Wakaja wote, wakapiga magoti kwenye matope, shikamoo, shikamoo, shikamoo, mpaka nikachoka kuitikia marahaba. Akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo kama mgeni wa heshima. Akasema, "Mama, kila asubuhi wakinywa maziwa nawaambia wamwombee aliyetoa. Wananiuliza, anaitwa nani? Nawaambia, anaitwa Mfuko."

Nilicheka. Lakini jamani, iliniuma. Mfuko ni mtu? Mfuko una mama?

Bihogo akanijua. Nilimwita akanyanyua kichwa. Amenenepa, amekatwa kwato vizuri, na ndama yuko ubavuni, mwekundu yule yule. Nikamwambia Spesioza, nimemfuata ndama. Akaangalia chini. Halafu akasema, "Ni haki yako, mama. Ng'ombe ni wako." Akaenda mwenyewe akamfunga kamba, akampa Deusi kamba kwa mikono miwili. Mtoto mmoja mdogo alianza kusema kitu, Spesioza akamziba mdomo kwa kiganja.

Hicho kiganja nilikiona. Sikukiuliza.

Tukarudi na lori lile lile jioni, ndama juu ya ndizi za watu, dereva anatukana njia nzima. "Bibi, huyo wako akinya kwenye mikungu ya watu utainunua yote!" Deusi akamjibu, "Akiinyea ataila mwenyewe, twende." Tulicheka mpaka Mabira. Nilijiona mshindi.

Leo asubuhi, mvua inanyesha, Abdala huyo na baiskeli yake, kanzu ameikunja mpaka magotini. Habari zilishamfikia, yule dereva hana kifuniko mdomoni.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umelowa. Karibu moto."

"Bi Mkubwa, nimeambiwa umekwenda kupora mali ya Mfuko."

"Nimepora? Nimepewa kwa mikono miwili!"

"Bibi yangu, sadaka ikishakutoka mkononi si yako tena, ni ya Mungu. Mtu akiupa msikiti mkeka, hurudi kesho akadai mkeka wake?"

Nikamwambia, "Abdala, mkeka hauzai. Ungekuwa unazaa ningerudi."

Alijitahidi asicheke, akashindwa. Lakini alipomaliza kucheka akaketi kwenye kigoda, akaongea taratibu. Akasema kule Nyakakika wanawake wanamsubiri huyu ndama, wameshajenga banda. Akasema, kama kila aliyetoa atarudi kuchukua, basi hakuna Mfuko, kuna watu wanaokopeshana. Akasema pia, na hili ndilo linanizungusha, "Spesioza hakupaswa kukupigia magoti. Tulifanya hivi makusudi, watu wapate bila kumpigia mtu magoti."

Bila kumpigia mtu magoti. Nikamuuliza, sasa upendo unapita wapi? Kama hanijui na mimi simjui, tumepeana nini? Akasema, "Umewapa maziwa, Bi Mkubwa." Nikamwambia, wewe muuza sukari unajua nini habari ya maziwa. Akaondoka hajakasirika, wala hajaridhika. Alisema hataleta mgambo kwa bibi yake. Ameniachia mwenyewe.

Afadhali angeleta mgambo.

Kama ng'ombe si wangu, mbona wale watoto wamenipigia magoti mimi? Na kama ni wangu, mbona nilipigiwa vigelegele kwa kumtoa? Adela naye anaandika tu. Mtoto anayeoa ni wake. Ningekuwa yeye ningeshasema kitu.

Subiri. Amesimama. Kaacha kalamu, kaenda nyuma ya jiko.

Haya, amerudi, anaendelea kuandika, na hilo la kusimama kwake ameliandika sasa. Ninasema mimi tena.

Ndama hajala. Deusi alimkatia majani mabichi na migomba laini tangu jana, hajagusa. Adela amemnyooshea mkono, ndama kashika vidole vyake vyote, ananyonya. Ananyonya kwa nguvu, anapiga kichwa kama anavyopiga kiwele. Adela kaniambia, "Mama, huyu bado yuko kwenye ziwa."

Na mimi nilikuwa nimemwangalia ule ukubwa wake, nikasema keshaacha. Mimi, niliyezaliwa kwenye zizi! Nilikuwa naangalia mahari, sikuangalia mdomo wake.

Kwa asiyejua niseme. Ng'ombe zetu hizi si kama zile za wazungu zinazokamuliwa zimesimama peke yao. Bihogo hashushi maziwa mpaka ndama aanze kwanza kunyonya. Unamleta ndama, ananyonya kidogo, maziwa yanashuka, ndipo unamfunga pembeni na wewe unakamua. Bila ndama anabana. Utavuta chuchu mpaka vidole viume, atakuangalia tu. Na akibana siku kadhaa maziwa yanakauka, basi, mpaka azae tena.

Kwa hiyo leo asubuhi wale watoto hawajanywa.

Spesioza alijua. Jana, alipoangalia chini, alikuwa analijua hilo. Yule mtoto mdogo alitaka kusema hilo hilo. Na akamziba mdomo.

Kwa nini hakuniambia? Neno moja tu, mama, bado ananyonya. Ningemwacha! Nimekaa hapa namkasirikia Spesioza, nimemkasirikia kweli, halafu nikakumbuka yule mzee wa Kinyarwanda. Siku moja alikuja akasema anataka dume letu la kulimia shamba jipya, na sisi tulikuwa tunalitegemea. Mume wangu akamfungulia hapo hapo, anatabasamu. Usiku hatukula. Aliyekupa ng'ombe humwambii hapana. Hata akikosea. Hata watoto wako wakilala njaa, unatabasamu unamkabidhi kamba.

Sasa ndiyo hiyo Abdala alikuwa anaisema? Sijui. Labda. Bado siipendi. Mtu anapewa ng'ombe halafu anashukuru kitu kinachoitwa Mfuko, mimi hiyo haiingii kichwani. Lakini na hii ya kwangu, ya mama wa watu kumziba mtoto mdomo ili mimi nifurahi, nayo leo haiingii.

Deusi ameshamfungua ndama. Hatukumwambia kitu, alisikia mwenyewe kutoka nje. Kampangusa mvua kwa koti lake la Jumapili, lile la kuvaa wageni wakija. Nikamwambia, mjukuu wangu, na mahari? Akasema, "Bibi, wakinikataa kwa sababu ya maziwa ya yatima, basi afadhali." Hakuniangalia aliposema. Anampenda yule binti, mimi najua. Kasema tu.

Jumapili nitasimama mimi mwenyewe niliyesimama mwanzo, niwaambie ng'ombe niliyewaahidi hakuwa wangu wa kuahidi. Wataniuliza, wa nani basi? Nitawaambia wanipe muda. Baba wa binti alisema neno langu linatosha, tutaona sasa.

Lori linapita tena mchana huu kwenda kuchukua ndizi Bugomora. Deusi anapanda na ndama, na mimi napanda. Adela anasema nibaki, mvua, kifua changu, Deusi anatosha. Hapana. Deusi atamrudisha ndama, lakini kuna kitu Deusi hawezi kukifanya.

Nataka nikae na Spesioza, tutafune kahawa, nimwambie, mwanangu, siku nyingine nikija kutaka kitu kwako, nikatalie.

Atasema ndiyo mama. Atapiga magoti aseme ndiyo.

Nitamfundishaje mtu huyo kuniambia hapana, wakati mimi mwenyewe sijawahi kuweza?