Kopo la Saba Lililoonewa Huruma

Mama,

Chakula kiko jikoni, pasha tu. Dawa ya presha usiisahau.

Samahani kwa kukupandishia sauti asubuhi. Makopo yale saba barazani yana udongo wa gereji uliolowa oili. Sita nimeyatia bakteria wa kula oili. La saba nililiacha vivyo hivyo, nipate kulinganisha. Wiki nzima vipimo vyake vinanitoa jasho: oili imepungua zaidi kuliko kwenye mawili kati ya yale sita! Nikailaumu mashine. Kumbe ni wewe, umelionea huruma, unalinywesha maji ya kuoshea mchele!

~~Usikanyage tena barazani.~~ Kanyaga tu.

Bakteria wa humohumo udongoni walikuwa na njaa, basi; maji yako ya mchele yamewapa nguvu ya kula oili. Nimeyaandika yote kwenye makala bila kuficha, na saa sita naituma kwa jarida la sayansi. Wahariri waulize watakavyo, majibu ninayo.

Kopo lako endelea nalo, ila kila ukilimwagia andika siku na vikombe vingapi. Daftari hili hapa. La kulinganishia jipya nimelificha. Usilitafute, nakujua.

Mwanao, niliyekuzwa na mkono huohuo unaonywesha kopo