Teke la Bunduki Kubwa

Jumanne, 3/9

Nimechaguliwa! Miye, Wivine, musichana pekee kati ya walinzi wa pori kumi na wanane. Tumebaki wanne wa kujifunza bunduki kubwa, ile ya kusimamisha gari, kalibri 12,7. Inabebwa na watu wawili. Adjudant Munguakonkwa, mwalimu wetu, alisoma majina kwa sauti yake ya kugombana. Langu alilirudia mara mbili — hakuamini, nadhani. Na miye vilevile.

Lakini niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Mutihani wa macho wa leo asubuhi nimeuiba. Infirmier, muuguzi wa kambi, ana karatasi moja tu ya herufi, ileile kila mwaka. Nilijipanga mwisho wa foleni. Wenzangu kumi na saba wakaisoma mbele yangu kwa sauti, kama katekisimu. Zamu yangu ilipofika, hata ukuta sikuuona vizuri. Nikaimba yote mpaka mustari wa chini. Akaandika: kumi juu ya kumi!

Miwani yangu iko nyumbani Keshero, kabatini kwa mama, imefungwa ndani ya soksi. Toka shule ya musingi sioni mbali.

Kwa nini nimefanya hivi? Kwa sababu watu wa bunduki kubwa hawaendi patrouille, doria ya wiki tatu porini. Wanakaa kwenye poste, kizuizi cha barabarani upande wa Kanyaruchinya, na jioni wanalala kwao. Kwao! Mutoto wangu Charline ana miaka mitano na bado miye ni mugeni kwake. Basi.

Ijumaa, 6/9

Leo tumepiga kweli. Unalala kifudifudi, shavu juu ya kitako cha bunduki. Juu yake kuna darubini, na nyuma ya darubini kuna duara linalozunguka. Nimelizungusha mpaka yote yakawa safi — jani moja moja, mita mia nane! Ndani ya ile darubini sina ugonjwa wowote. Risasi nne kati ya tano ndani ya cible, ile shabaha. Adjudant akasema: "Tiens", yaani kumbe. Kwake hiyo ni misa nzima ya sifa.

Halafu teke. Bunduki ikirudi nyuma haipigi bega tu. Meno, shingo, ubongo, vyote vinahama. Kwa risasi ya tatu nilisogea mno, darubini ikanigonga juu ya nyushi. Damu kidogo. Tayari wananiita Kidonda. Washenzi.

Na kila risasi, pembeni mwa jicho la kuume, umeme. Mwembamba. Nikasema ni moto wa mudomo wa bunduki. Lakini jioni, wakati wa kula foufou, umeme tena. Na bunduki ilikuwa imefungwa ndani ya sanduku lake.

Nimemuuliza adjudant, kama mutu anayeuliza tu: teke hili linaweza kuumiza macho? Alicheka mpaka akakohoa. Eti bunduki inapiga bega, jicho linatafuta nini huko? Miaka ishirini na mbili anapiga, na anaona mpaka zambi zangu.

Si zote, chef.

Jumapili, 8/9

Ruhusa ya siku mbili. Keshero. Charline amenifungulia mulango, akapiga kelele kuelekea jikoni: "Mama! Tantine wa porini amefika!" Anayeitwa Mama hapo ni mama yangu, Eugénie; miye ni tantine, shangazi tu. Amemugombeza, na mutoto akaniomba musamaha kama anaongea na mwalimu. Nikacheka. Nikaenda chooni nikalia.

Mezani nimepiga inzi mara tatu. Mama: "Inzi gani, weye?" Hakukuwa na inzi. Nikatazama ukuta mweupe: wako, weusi, wadogo, nikigeuza jicho wanageuka nalo. La kuume peke yake. Mama akaniletea miwani. Nimevaa — sasa nawaona vizuri zaidi, aksanti sana!

Jumatatu, 9/9

Kwa daktari wa macho, mjini. Daktari Laurence, mama mufupi, hana muchezo. Matone yanayochoma, kisha taa. Tazama juu. Tazama chini. Kisha akalirudia jicho la kuume, mara mbili.

Nyuma ndani ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea mwanga, rétine. Yangu imechanika, upande wa juu.

Nikauliza: ni bunduki? Akasema hawezi kuapa. Kuna watu wanapiga bunduki kubwa maisha yote na macho yao ni mazima, na waliochunguza jambo hili ni wachache. Lakini jicho la mutu asiyeona mbali limevutika, ngozi yake ni nyepesi toka zamani, na kutikiswa kichwa namna ile kunaweza kuipasua. "Kwa jicho hili lako, mama, miye nisingepiga hata moja."

Leo saa nane angenifanyia laser, dakika ishirini, kuziba pale palipochanika. Nikingoja ngozi ibanduke yote, yeye hawezi tena. Ni upasuaji, mbali, na hata hivyo labda nisione tena. Alama yake ni kama pazia jeusi. Nikiliona nisitikise kichwa, nije mbio kabla halijafunika jicho lote.

Gari ya kambi inaondoka saa sita. Mutihani wa mwisho ni Jumatano, asiyerudi leo amejitoa. Nikamwambia nitakuja Alhamisi. Alishika mukono wangu akaandika namba yake ya simu kwa biki.

Nimepanda gari. Mupumbavu! Barabara yote ya mawe ya volkano nimeshika kichwa kwa mikono miwili.

Jumanne, 10/9

Sikupiga. Nimesingizia tumbo. Wale inzi sasa ni masizi. Nafunga la kushoto, nafungua. Nafunga, nafungua. Bado naona. Bado naona.

Adjudant amepita, akaniambia polepole ili wengine wasisikie: kesho anataka atakayeshinda awe miye. Afadhali angenigombeza!

Jumatano, 11/9, saa nne asubuhi

Risasi kumi kila mutu: tano, kupumzika, tano. Zangu tano za kwanza zote ndani. Hakuna mwingine! Wakapiga makofi. Nilipoinuka, kwa jicho la kuume, upande wa chini palikuwa peusi. Nikafikiri ni uchafu wa baruti shavuni. Nikapangusa shavu. Bado peusi.

Nafunga la kushoto sasa. Ukurasa unaishia katikati. Mukono unaoandika siuoni.

Nimemwendea adjudant mbele ya wote. "Chef, sioni." Wakacheka, yeye kuwashinda wote. Tano juu ya tano, halafu haoni! Nikamwambia yote: miwani, daktari, pazia. Kicheko kikakatika. Macho yake yakawa mekundu. Akasema hivi: zimebaki tano, ni dakika kumi. Nipige, tumalize, na gari atanipa palepale mpaka kwa daktari. Nisipopiga nimejitoa, na gari itangoja kila mutu amalize.

Nimesema hapana. Mara ya kwanza namwambia hapana. Poste imekwenda. Jioni za Keshero zimekwenda. Naumia, mutoto wangu, naumia sana.

Niko ndani ya gari, kiti cha mbele. Darius, shofa wetu, amekaa pembeni yangu, mikono juu ya usukani, haniangalii. Hana funguo, adjudant amezichukua. Nimepiga simu. Daktari anasema anatayarisha chumba, nisitikise kichwa, nije.

Wenzangu wameanza tena kupiga. Kila mushindo kioo kinatetemeka. Tangu nianze ukurasa huu pazia limepanda.

Adjudant ameacha cible, anakuja huku. Hakimbii. Mukononi ana kitu, na kutoka hapa siwezi kujua kama ni funguo.